Uzi wa Kumfungia Mkwe

Benchi letu liko mbele ya mkahawa wa Safija, pale darajani kijijini Donja Vrbica, na si benchi la kila mpita njia. Ni ubao mmoja mnene juu ya mawe mawili. Anayewahi hukaa upande wa jua, anayechelewa hukaa upande wa bomba linalovuja. Safija hutuletea kahawa kwenye birika dogo la shaba, vikombe visivyo na mkono na vipande vya sukari vya kuchovya, na tukinyamaza kidogo tu huchungulia dirishani kuuliza nani kafa. Mimi wananiita Wakili, kwa sababu nikishashika upande wa hoja siuachi, hata ukiwa wa kijinga. Jirani yangu ni Hamdo, aitwaye Farasi kwa ajili ya dume lake jeupe analolipenda kuliko wanawe, na wala hafichi. Halafu yuko Besim, Injinia, ambaye maisha yake yote aliendesha buldoza, lakini usimkumbushe. Asubuhi hiyo ya Juni Zaim, wa nne wetu, alikuwa ametutangulia sote, na alikuwa amekaa upande wa bomba kwa hiari yake. Hapo nikajua mambo si mazuri.

— Vipi, umefukuzwa nyumbani? — nikamuuliza.

— Wamefika jana usiku.

— Kina nani?

— Merima. Na huyo wake.

Merima ni mtoto wake wa pekee. Anauguza wagonjwa huko Graz, Austria. Alipoondoka alisema anakwenda kidogo tu, atarudi, na Zaim akamwamini kiasi cha kumjengea ghorofa ya juu yenye mlango wake na ngazi zake za nje. Mama yake, Fata, alifariki Merima akiwa huko huko. Sasa amekuja na Mwaustria mmoja, Klemens, anayetaka kumwoa. Na huyo Klemens, kwa bahati mbaya au nzuri, anavua kama tunavyovua sisi, kwa nzi wa bandia wa manyoya.

Kwetu baba wa binti haulizwi kwa mdomo wala hajibu kwa mdomo. Mchumba anakuja na fimbo yake ya kuvulia, na baba anamfungia uzi wa mbele, yaani kile kipande kinachotoka kwenye mshipi mnene kikienda kikipungua hadi ncha inayoshika nzi. Kwa uzi huo mchumba anavua mbele ya watu, na watu wakiuona uzi wanajua baba kasema ndiyo au hapana. Ni desturi nzuri sana. Shida ni kwamba siku hizi vijana wanaposana kwenye simu, wazee waliojua uzi upi unasema nini wamekwisha kufa, na tuliobaki ndio sisi wa benchi.

Zaim alikuwa amefungua mkoba wake mapajani. Kulikuwa na kigurudumu cha nailoni, kigurudumu cha ile nyingine ngumu ya kisasa inayozama, na fungu la singa za mkia wa farasi lililofungwa kwa utepe.

— Jioni wadudu wa majini wakiinuka tunashuka hapo chini ya daraja, — akasema. — Kijiji kizima kitakuja. Nimfungie nini?

— Mwembamba, — Injinia akadakia, hata hajakaa vizuri. — Mwembamba ndio ndiyo. Hebu tazama mto, maji yamepungua, unahesabu kokoto. Ukimpa mnene, samaki wetu trauti anauona kama kamba ya kuanikia nguo, anakimbia. Ukimpa mwembamba, samaki anauma. Umemsaidia mtu. Ndiyo hiyo.

— Anauma halafu anakata, — nikasema. — Mbele ya watu! Mwembamba ni kumkabidhi mtu aibu mkononi. Mnene ndio ndiyo. Unamwambia shika, usiachie.

— Ashike nini, na samaki kakimbia?

— Ashike uzi!

— Wakili, wewe hata samaki wa sahani unamkosa.

— Nyie wote mnaongea nailoni, — Farasi akasema, akikoroga kahawa ambayo haikuwa na kitu cha kukorogwa. — Nailoni imetoka kiwandani, imekuja kwenye kigurudumu cha plastiki. Itasemaje ndiyo? Haina mdomo. Desturi yetu ni singa. Singa za farasi, tena dume, tena mweupe.

— Kama wako, kwa mfano, — Injinia akasema.

— Mimi sijasema wangu. Lakini hebu nitajie mwingine.

— Na jike ana kosa gani?

— Jike hukojolea mkia wake, bwana! Kila siku, maisha yake yote. Singa zinalainika, zinakatika. Dume mkia wake uko mbali na balaa hilo. Kwa hiyo dume ndiyo, jike hapana. Hata mtoto mchanga anajua.

Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo Zaim alionekana kupata nafuu. Akafungua utepe, akamsogezea Farasi lile fungu.

— Basi niambie hizi ni za nani. Aliniachia baba yake Fata.

Farasi akazinusa. Akazinyoosha juani moja moja, akaiuma mojawapo, akafumba macho kama mtu anayeonja supu.

— Nini sasa? — Zaim akauliza.

— Siwezi kusema dume au jike. Lakini alikuwa na huzuni.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Zaim hakucheka. Alizichukua singa zake akazifunga tena utepe, taratibu.

— Chekeni, — akasema. — Wenzangu mna watoto wanne wanne. Mimi ninaye mmoja.

— Haya, haya, tusikasirikiane, — nikasema. — Twende kwa ushahidi. Wewe mwenyewe, siku ya kumposa Fata, baba mkwe alikufungia nini?

— Singa. Mbili zilizosokotwa, mwishoni moja.

— Ukapata?

— Samaki aliuma, nikavuta, ikakatika. Watu walicheka hadi ng'ambo ya mto.

— Kwa hiyo ilikuwa hapana, — Injinia akasema.

— Fata nilikaa naye mpaka kifo.

— Kwa hiyo ilikuwa ndiyo, — nikasema.

— Baba yake hakunisemesha mpaka Merima alipozaliwa.

— Kwa hiyo ilikuwa... — Injinia akaanza, akachovya sukari, akainyonya, na hakumaliza.

— Na wewe, Injinia? Ulifungiwa nini?

— Waya.

— Waya gani?

— Waya wa uzio.

— Acha uongo!

— Haki ya Mungu, waya wa uzio. Nilipoutupa, ulipiga maji kama tofali. Vyura walihama.

— Sasa huyo mzee alikuwa amesema nini?

— Mpaka leo sijui. Nilisubiri mtu anizuie, hakuna aliyenizuia, nikaoa.

— Mimi nilifungiwa uzi safi kabisa, — Farasi akasema. — Mrefu, laini, unapungua vizuri. Ila hakukuwa na ndoano.

Tukatazamana.

— Hamdo, — nikasema polepole, — hiyo ilikuwa hapana.

— Nilidhani mzee kasahau! Nikafunga ya kwangu.

— Ndiyo maana mkeo anaishi kwa dada yake.

— Anakwenda kumsaidia kuvuna plamu.

— Hata Januari, kwenye theluji?

Farasi akatugeuzia mgongo. Safija akatoka na birika la pili, akalitua katikati yetu, akafuta mikono kwenye aproni.

— Kwani nani kawaambia ni uzi? — akauliza. — Kwetu ng'ambo ilikuwa nzi. Nzi wa kijivu ni karibu ndani, nzi mweusi ni nenda zako. Uzi ulikuwa wowote tu.

— Safija, usituvuruge, — Injinia akasema. — Nyie wa ng'ambo hata harusi mnapiga ngoma kinyume.

— Harusi zetu watu wanajua wameoana. Nyie mtu kaoa kwa waya, hajui kama alikubaliwa.

Akaingia ndani. Zaim aliushika uso kwa mikono miwili.

— Sasa hata nzi, — akasema. — Nilikuwa na shida moja, sasa ninazo mbili.

— Usimsikilize, — Injinia akasema. — Hili ni suala la kitaalamu. Tatizo si unene, wala mkia wa nani. Tatizo ni urefu. Uzi wa mbele lazima ulingane na kimo cha mchumba. Kwa nini? Kwa sababu samaki akitazama juu anamwona mtu, anauona na uzi. Vikilingana, akili yake inachanganyikiwa, anadhani ni mti na kivuli chake.

— Mti gani unavaa miwani? — nikamuuliza.

— Samaki haoni miwani. Zaim, mkwe ana kimo gani?

— Usimwite mkwe bado. Anainama mlangoni kwangu.

— Mlango wako ni mfupi au yeye ni mrefu?

— Jana hata taa iliyoko darini kaigonga.

— Basi uzi wake utakuwa mrefu mno. Akiurusha utamrudia, utamzunguka shingo.

— Na hiyo itakuwa ni ndiyo au hapana? — Zaim akauliza.

Injinia akafikiri sana.

— Hiyo itakuwa hospitali.

— Kabla ya yote ni lazima farasi amnuse, — Farasi akasema, bado katugeuzia mgongo. — Singa zinakumbuka. Ukimfungia mtu singa za farasi asiyemjua, zinagoma. Mleteni zizini kwangu. Dume likitulia, nachomoa singa. Likimpiga teke, basi tumepata jibu, hata mtoni hatuna haja ya kushuka.

Mimi nilikuwa nimenyamaza kwa makusudi, nikingoja wamalize upuuzi wao. Nikachukua kile kigurudumu cha nyuzi ngumu za kisasa, nikakiinua juu.

— Jibu liko hapa. Hii ikiingia majini haionekani. Haionekani kabisa! Umeona, Zaim? Unamfungia kitu kisichoonekana. Anayetaka kuona ndiyo ataona ndiyo, anayetaka hapana ataona hapana. Hakuna wa kukulaumu.

Niliwatazama mmoja mmoja. Naapa ilikuwa hoja bora kuliko zote zilizowahi kutolewa kwenye ubao ule.

— Inazama, — Zaim akasema.

— Nini?

— Hiyo inazama, Wakili. Jioni samaki wanakula juu. Nzi anatakiwa aelee. Hiyo itamvuta chini.

— Basi ni ndiyo ya chini chini.

— Tuunganishe! — Injinia akaruka. — Mwanzo nailoni nene, kwa ajili ya Wakili. Katikati singa, kwa ajili ya Farasi. Ncha ile isiyoonekana, nyembamba, kwa ajili yangu. Kila mtu kapata chake.

— Vipande vitatu, — nikasema, — mafundo kila mahali, kila kimoja kinavuta kwake na hakuna kinachofika mbele. Huo si uzi, Besim, hiyo ni serikali yetu.

Hata Safija alicheka huko ndani. Lakini Zaim alikwisha kuanza kufunga. Mtu aliyekwama hukubali lolote. Alifunga nailoni na singa, akalilowesha fundo kwa mate kama tulivyofundishwa sote, akalikaza. Injinia akalivuta kulijaribu, likakatika. Akafunga jingine, likatoka bila kukatika, likateleza tu. La tatu alishindwa kupitisha, macho hayakumsaidia, na hakuna kati yetu aliyekuwa na macho ya kumsaidia zaidi. Mapajani kwake palijaa vipande vya nyuzi, vifupi kwa virefu. Akaacha mikono ikae hapo hapo juu yake.

— Mnajua nilichosikia jana usiku? — akasema.

— Nini?

— Walipanda juu. Kwenye ile ghorofa. Merima alikuwa anampitisha chumba hadi chumba. Mimi niko chini kitandani, nasikia hatua. Wanasimama, anamweleza, wanasogea. Anaongea Kijerumani, na mimi Kijerumani sijui hata cha kuombea maji. Alikuwa anacheka.

— Hiyo ni nzuri, — nikasema. — Alikuwa anamwonyesha watakapoweka kitanda.

— Au alikuwa anamwonyesha vitu ambavyo baba yake alivijenga bure.

Injinia alitazama kikombe chake. Farasi akatugeukia tena, akamwekea Zaim mkono begani, na aliuacha hapo muda mrefu kuliko desturi ya Farasi. Nilimwonea Zaim huruma, na nilijionea hasira, kwa sababu asubuhi nzima nilitaka tu kushinda.

Dirisha likafunguka.

— Nani kafa? — Safija akauliza. Akatuona, akalifunga.

Hapo ndipo tulipowaona wakija darajani. Merima alikuwa mbele, amevaa viatu vya mpira vya marehemu mama yake, na nyuma yake kijana mrefu wa miwani, kabeba fimbo mbili za kuvulia kwa uangalifu kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa wenyewe. Walipofika alitupa mkono mmoja mmoja, akatuamkia kwa lugha yetu. Alikuwa amejifunza. Alitamka neno moja, akapumzika, akatamka jingine.

— Baba, tumekutafuta nyumba nzima, — Merima akasema. — Hujanywa hata chai. Nini hivi mapajani?

Basi tukaeleza. Sote kwa pamoja. Injinia alieleza mwembamba na kimo, Farasi akaeleza dume na jike kwa kuonyesha kwa mikono, mimi nikaeleza kisichoonekana, na Safija akapaza sauti kutoka ndani kwamba ni nzi, ni nzi. Merima alijitahidi kumtafsiria. Kwenye ule waya wa uzio alisita. Kwenye mkojo wa farasi aliacha kabisa, uso umemwiva kwa haya na kicheko.

Klemens hakucheka. Alilaza fimbo zake chini, akachuchumaa mbele ya Zaim, na hata alipochuchumaa walikuwa sawa kwa kimo. Alizitazama zile nyuzi, akaokota singa moja, akaishika kwenye mwanga, akairudisha palepale alipoitoa. Kisha akamtazama Zaim usoni. Unaweza kumwona mtu anapopanga maneno, na yeye aliyapanga kwa muda.

— Baba Merima, — akasema. — Wewe unataka mimi... nipate samaki? Au unataka nisipate?

Bomba lilikuwa linadondosha maji. Tulikuwa tumekaa hapo tangu Safija alipofungua mlango, tumeongea unene, urefu, mkia na mate, na katika sisi wote hakuna aliyemuuliza Zaim hilo. Nilifungua mdomo nimtetee mtu. Sikujua nimtetee yupi.

Zaim alipojibu, hakumtazama Klemens, alimtazama binti yake, na alisema kwa ile lugha yetu ya ndani, ya haraka, tunayoongea tukiwa hatuna mgeni.

— Mimi nataka mwanangu arudi nyumbani. Nimezisimamisha ngazi zile kwa mikono yangu na hakuna anayezipanda. Nikimfungia huyu vizuri, ataondoka na mwanangu. Nikimfungia vibaya, mwanangu ataondoka naye akiwa amenikasirikia. Nimekaa hapa asubuhi nzima natafuta uzi wa kumbakiza, na haupo. Haupo, Merima.

Merima akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha akatugeuzia mgongo, akauelekea mto, na mabega yake yakaanza kumcheza.

Klemens alikuwa ameshika neno moja hapa, moja pale. Aliona mzee amesema kitu kikubwa, na kwa adabu alibaki amechuchumaa, akingoja kutafsiriwa kama alivyotafsiriwa tangu walipofika. Alimtazama Merima, na Merima hakugeuka. Akamtazama Farasi, na Farasi akaanza kutafuta kitu mfukoni. Akamtazama Injinia, mtu mwenye majibu ya kila jambo tangu nimfahamu, na Injinia akainamia viatu vyake.

Mwisho akanifikia mimi.

— Samahani, — akauliza. — Amesema nini?

Kwenye birika yalikuwa yamebaki mashapo tu. Nikajimiminia hayo hayo, nikanywa.